Mkono Ndani ya Tangi

Asubuhi ile Mama Kituo alikuta geti kubwa la soko limefungwa kwa mnyororo mnene wa kuvutia malori, na juu yake kufuli la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Kigeti cha pembeni, cha kupitisha watu na mikokoteni, kilikuwa wazi kama kawaida. Wauzaji waliingia, wanunuzi walitoka, na hakuna aliyeonekana kuushangaa mnyororo. Yeye peke yake alisimama mbele yake, sare ya zimamoto mwilini, kofia kwapani, akijua bila kuambiwa kwamba umewekwa kwa ajili yake. Malori ya mizigo yalikwishazoea kushushia nje. Kitu pekee kilichokuwa kikipita geti lile kubwa ni gari la zimamoto.

Kituo alichokiongoza kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtu aliyesimama mlangoni mwake aliweza kusikia wauza nguo wakinadi bei. Kila wiki Mama Kituo aliingia sokoni kwa miguu kukagua kama vichochoro vinapitika, na kila wiki alitukanwa kwa upendo na watu waliotakiwa kurudisha meza zao nyuma. Siku hizi walirudisha meza bila kumtukana. Hapo ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika.

Chanzo kilikuwa mbali na soko, juu kabisa, kwenye ofisi ambazo watu wa soko hawangeruhusiwa hata kufagia. Waziri aliyepita alinunua magari mapya ya zimamoto kwa nchi nzima. Yalipokelewa kwa bendi na hotuba, mekundu, yanang'aa, yenye ving'ora vya kuamsha wafu. Kisha fundi wa gereji katika mji mwingine akafungua mlango wa ubavuni, pale pampu inapotakiwa kukaa, akakuta matofali. Yalikuwa yamepangwa vizuri na kufungwa kwa waya, ili gari likae chini kwa uzito kama gari lililokamilika. Picha ya matofali yale ilizunguka kwenye simu za watu kuliko picha ya harusi yoyote. Watu wakayabatiza magari yale Mabibi Harusi: yamepambwa, yamekaa, na hakuna anayetegemea yashike kazi. Waziri akahojiwa, akakohoa, akajiuzulu kwa sababu za kiafya. Haukupita muda akaonekana amenenepa, amepewa ofisi nyingine yenye zulia nene kuliko la kwanza.

Kituo cha Mama Kituo hakikuwahi kupewa Bibi Harusi. Kilikuwa na gari moja la zamani ambalo wafanyakazi waliliita Shangazi, kwa sababu lilikuwa na kelele, lilifika kabla ya kualikwa, na halikufika kokote mikono mitupu. Tangi lake lilijazwa kila asubuhi, na pampu yake iliwashwa na kusikilizwa kama mgonjwa anavyosikilizwa kifua. Lakini Shangazi naye alikuwa mwekundu. Kwa mtu aliyeziona zile picha za matofali, gari jekundu ni gari jekundu.

Dada yake Mama Kituo alikuwa mwenyekiti wa soko na muuza magodoro. Alijulikana kwa jina la Mama Magodoro, na alikuwa na mwili wa kulitangaza jina hilo. Siku hiyo alikuwa amekaa juu ya bidhaa yake mwenyewe, nailoni ikilia chini yake kila alipojisogeza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeuona?"

"Nimeuona. Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Nipe."

Mama Magodoro alicheka, na godoro likacheka naye. "Kitinda, lini utaacha kudai vitu kama mtoto wa mwisho?"

"Mimi ni mtoto wa mwisho."

"Basi leo hupati."

Mama Kituo alikaa pembeni yake bila kukaribishwa. "Moto ukiwaka humu mtauzima na nini? Na mate?"

"Na ndoo. Tumenunua ndoo, tumegawana zamu, kila safu ina pipa lake."

"Ndoo haizimi godoro, dada. Wewe unajua godoro linavyowaka."

"Najua. Yangu yaliwaka."

Wote wawili wakainua macho. Juu ya vichwa vyao mabati mapya yalikuwa yanang'aa katikati ya mabati ya zamani yenye masizi, na upande wa kushoto palikuwa na nafasi tupu ambapo vibanda havijarudi.

Moto ule ulianzia kwenye pasi ya mshona nguo aliyekwenda kunywa chai. Shangazi alifika watu wakiwa bado wanaitana majina. Lakini watu wa soko walikuwa wamejipanga kichochoroni wakipokezana ndoo na mabeseni, na walipoliona lile jekundu linaingia hawakusogea. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Bibi Harusi amekuja kucheza. Wa pili akarusha jiwe. Dereva akapiga honi, Mama Kituo akashuka, akasukumana na watu, akawasihi watoe njia, na wao wakamsihi atoe takataka yake ili maji yapite. Maji yaliyokuwa ndani ya Shangazi yangetosha kuuzima moto ule na kuosha soko zima. Yalibaki ndani ya tangi, hatua chache tu kutoka kwenye ndimi za moto, mpaka safu nzima ikaanguka. Mshona viatu aliungua mkono wake wa kazi. Siku ya pili mji wote ulikuwa unasema kwamba zimamoto wamekuja bila maji.

"Siku ile ulikuwa na maji?" Mama Magodoro aliuliza, akiichezea nailoni kwa kucha.

"Tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni."

"Mbona hukusema?"

"Tuna waraka. Anayesema na wananchi ni wizara peke yake."

"Na wizara ilisema nini?"

"Ilisema uchunguzi unaendelea."

Fundi cherehani wa kibanda cha pili, mzee mwembamba aliyekuwa akisikiliza huku amebana pini midomoni, akazitemea mkononi ili apate nafasi ya ulimi. "Uchunguzi huo una miguu, afande. Unaendelea, unaendelea, haufiki."

"Sikiliza, Kitinda," Mama Magodoro alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Sijasema wewe ni mwongo. Mama yetu hakuzaa mwongo, labda yule wa katikati. Lakini gari lenu likiingia humu, mmoja ataliokotea jiwe, na mwingine ataweka ndoo chini asubiri maji. Wote wawili wanatuunguza. Bora lisiingie kabisa. Mtu akijua kwamba haji mtu, anachota."

Mama Kituo aliinuka, akavaa kofia. Angekuwa ametukanwa tu angerudisha tusi, kwa hilo hakuwa mgeni. Lakini dada yake alikuwa ameongea akili, na akili hiyo ingeua watu. Alitoka sokoni akiwa na neno moja kichwani: mnyororo ule utoke kabla ya moto mwingine, kwa njia yoyote.

Njia ililetwa na mtu mwenye tai.

Alikuwa afisa wa wizara, mtu wa makamo aliyenyooka kama ameanikwa, na kituoni walikwishampa jina la Bwana Itifaki kabla hajamaliza kufuta vumbi viatuni. Alikaa kwenye kiti cha Mama Kituo, akafungua mikono kama mtu anayeleta zawadi.

"Waziri mpya anakuja hapa kwenu," alisema. "Siku ya Kurejesha Imani. Nchi nzima itatazama. Tumechagua uwanja ulio mbele ya geti la soko, makusudi, kwa sababu ya ule mnyororo. Tutawasha moto mdogo wa mbao. Waziri atashika mpira wa maji mwenyewe na kuuzima, kwa gari jipya."

"Gari jipya lipi?" aliuliza dereva, ambaye aliitwa Taratibu kwa sababu hakuwahi kuendesha hivyo.

"Mojawapo ya yale."

"Yamewekwa pampu?"

"Pampu ziko njiani."

Taratibu alitazama dari. Mama Kituo akauliza kwa upole, "Sasa maji yatatokaje, bwana?"

Bwana Itifaki alisogeza kiti. Kila kitu kilikuwa kimefikiriwa. Kando ya uwanja palikuwa na ghala, na nyuma ya ukuta wa ghala palikuwa na nafasi ya kutosha kuficha gari. Shangazi angekaa huko, ametulia chini ya turubai. Mpira ungepita kwenye tundu la mtaro chini ya ukuta, ungetambaa chini ya zulia jekundu la wageni, ungeingia tumboni mwa gari jipya kwa nyuma na kutokea ubavuni, mpaka mkononi mwa waziri. Mama Kituo angesimama nyuma ya ukuta, na kwa ishara ya simu angefungua koki.

"Huo ni uongo," Taratibu alisema.

"Maji ni maji," Bwana Itifaki alijibu. "Moto utazimika kweli. Tunawaonyesha wananchi leo kitu watakachokuwa nacho kesho. Halafu afande, niambie wewe mwenyewe: unataka ule mnyororo uondoke au hutaki? Watu wakiona, watafungua. Kwa maneno umejaribu, sijui umefika wapi."

Mama Kituo alikiri moyoni kwamba hajafika popote. Kwa kitambo kidogo, na hakujivunia hilo baadaye, aliuona mpango ule kuwa mzuri. Uongo mmoja mdogo, geti wazi, watu salama. Wakubwa waliwadanganya watu mpaka wakaharibikiwa. Pengine wangedanganywa kidogo tena, wapone.

"Na baada ya sherehe?" aliuliza. "Gari jipya linarudi lilikotoka?"

"Hapana, hilo ndilo jambo la kufurahisha. Linabaki hapa kwenu. Hili kuukuu litapelekwa mnadani. Wizara inataka sura moja nchi nzima."

Mama Kituo alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Watu wangefungua geti kwa sababu wameona maji, na moto wa pili ungekuta kituoni gari la matofali. Safari hii kusingekuwa na mtu wa kurusha jiwe. Wote wangeweka ndoo chini na kusubiri.

"Nikikataa?"

"Kuna mkuu wa kituo mwingine anayeijua koki. Utaratibu hautabadilika, afande. Utabadilika wewe tu."

"Nimekuelewa," Mama Kituo alisema. "Koki nitaishika mwenyewe."

Bwana Itifaki aliposhika njia, Taratibu aliupiga mlango wa Shangazi kwa kiganja. "Mama Kituo, umekubali?"

"Umenisikia nikisema nimekubali? Nimesema nitashika koki. Wewe siku hiyo utakaa kwenye usukani, na usilale."

Siku ya Kurejesha Imani jua lilitoka mapema kama lililoalikwa. Uwanja ulijaa. Watu wa soko walisimama mbele ya mnyororo wao, mikono kifuani, Mama Magodoro katikati. Hawakuja kushangilia, walikuja kuona watadanganywa vipi safari hii, kama watu wanavyoketi kumtazama mfanya kiinimacho. Bibi Harusi alikuwa ameegeshwa mbele yao, amepigwa rangi upya, matairi yamepakwa mafuta yakawa meusi tititi.

Nyuma ya ukuta wa ghala, Mama Kituo alimsikia waziri mpya akisema kwa kipaza sauti kwamba enzi za giza zimekwisha. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alisema serikali ni kama mzazi, na mzazi akikosea mtoto humsamehe. Kutoka upande wa soko mtu akajibu kwamba yeye mzazi wake alikufa, na hakumwachia matofali. Vicheko vikazimwa na bendi.

Kisha harufu ya mbao zinazowaka. Kisha simu ikatetema. Mama Kituo akafungua koki.

Mpira ulijinyoosha, ukaingia mtaroni ukiguna. Upande wa pili paliinuka sauti ya mshangao, halafu makofi, machache mwanzoni, kisha mengi, makofi ya watu ambao wasingependa kuonekana wameamini lakini wamechoka kutoamini. Yale makofi yalimuuma kuliko mawe. Aliisikia sauti ya dada yake, aliijua kati ya sauti zote, ikisema, "Kumbe yanatoka."

Akafunga koki.

Hakuifunga kwa hasira. Aliifunga polepole, kama inavyotakiwa, ili mpira usipasuke. Kisha akaondoa turubai, akapanda ubavuni mwa Shangazi, akamwambia Taratibu, "Zunguka."

"Mpira bado umefungwa."

"Na uje nao."

Watu waliokuwa uwanjani siku ile bado wanasimulia, kila mmoja kwa namna yake, lakini hili wanakubaliana. Waziri alikuwa amekanyaga kwa majigambo, miguu imepanuliwa, mdomo wa mpira umeelekezwa kwenye moto, na maji yakakata. Yakadondoka kwenye viatu vyake. Akautikisa mpira. Akamtazama Bwana Itifaki, naye Bwana Itifaki akatazama simu yake. Kisha mpira ukamponyoka waziri mikononi, na zulia jekundu likaanza kutembea lenyewe. Likainuka mgongo, likajikunja, likawaangusha wageni wawili waheshimiwa, na chini yake ukaonekana mpira mrefu ukivutwa kutoka tumboni mwa Bibi Harusi, ukielekea ukutani na kutoweka mtaroni. Mtambo wa kale ukanguruma, na Shangazi akatokea kwenye kona ya ghala, akiburuta mkia wake vumbini.

Mama Kituo alishuka kati ya waziri na moto.

"Zima kipaza sauti," Bwana Itifaki alisema kwa mtu wa mitambo.

Kilizimwa, lakini mwanamke yule kazi yake ilikuwa kupiga kelele mahali ambapo paa linaanguka. "Maji mliyoyaona ni ya gari hili," alisema. "Lile pale halina pampu. Fungueni mlango wake mtazame. Nilifichwa nyuma ya ukuta niwadanganye, nikadanganya kwa dakika moja nzima, na dakika hiyo nawaomba radhi. Baada ya leo wanataka kulichukua hili na kutuachia lile. Moto wetu wa juzi, nilikuja na maji. Hamkunipisha, na mimi nilikatazwa kuwaambia. Sasa nimewaambia."

Alitegemea kelele. Zilizolia ni mbao peke yake, kwa moto. Fundi cherehani ndiye aliyejitokeza kwanza. Alipita mbele ya waziri bila kuomba njia, akainama, akachungulia chini ya Shangazi.

"Unatafuta nini, mzee?" Taratibu aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Natafuta mpira wa pili. Lile lilikuwa linanyonya kwa hili. Hili linanyonya kwa nani?"

Kicheko kikapasuka, lakini hakuna aliyeona kwamba swali lile ni la mzaha. Watu wakamiminika. Wengine walikwenda nyuma ya ghala kuona kama kuna gari la tatu. Wanawake wa safu ya mboga walimzunguka Shangazi, wakagonga tangi kwa vifundo vya vidole, wakasikiliza, wakabishana. Mmoja aliyafungua makabati ya ubavuni, akashika pampu, akainusa mikono yake ikiwa na grisi. Mbao ziliwaka vizuri zaidi. Askari walimtazama mkubwa wao, naye alitazama pembeni. Mama Kituo alisimama akikaguliwa kama mwizi wa kuku, na hakumzuia hata mmoja.

"Pisheni," alisema Mama Magodoro.

Alipanda ngazi ya nyuma ya gari, mtu mzito, ngazi ikilalamika. Juu ya tangi akafungua mfuniko, akakunja mkono wa gauni, akauzamisha mkono mpaka kwenye kwapa. Alikaa hivyo kwa muda, uso umegeukia mbinguni kama anayepapasa sarafu iliyoanguka kisimani. Alipoutoa, maji yalimtiririka kutoka kiwikoni mpaka kiunoni. Aliwainulia watu mkono ule, wakauona.

"Nipe huo mpira," alimwambia mdogo wake alipokuwa ameshuka.

"Mpira unasukuma, dada. Shika kwa mikono miwili, uubane kiunoni."

"Nimezaa mara sita, usinifundishe kubana."

Koki ikafunguliwa. Mama Magodoro alirudi nyuma, fundi cherehani akamshika mgongo, mtu wa tatu akamshika fundi, na moto ukapigwa mpaka mbao zikaruka. Maji mengine yalifika kwenye jukwaa la wageni, na mpaka leo haijulikani kama ilikuwa ajali. Waziri alikuwa amekwishaingia garini. Kwenye mwili wa Bibi Harusi mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, na watu walikuwa wanapiga picha. Hapakuwa na matofali safari hii. Palikuwa na mifuko ya mchanga.

Barua ya kumsimamisha kazi ilifika kabla viatu vya waziri havijakauka. Mama Kituo aliisoma amesimama, akaikunja, akaanza kutoa vitu vyake kabatini. Hakulia. Alikuwa anapanga buti zake kwenye mfuko wakati dada yake alipoingia na fundi cherehani na watu wa kamati ya soko, wote wamevaa nyuso za sherehe. Mama Magodoro aliweka ufunguo juu ya meza.

"Wako," alisema. "Si wa wizara. Wewe ukija, tutakufungulia, uwe na sare au uje na kanzu ya kulalia."

Mama Kituo aliutazama ufunguo. Kwa wiki nyingi hakutaka kitu kingine. "Siutaki," alisema.

"Ameanza," Mama Magodoro aliwaambia wenzake.

"Nikilala na homa siku moto ukiwaka? Nikifa? Mtaungua kwa heshima yangu?"

"Tunakuamini wewe, afande," alisema fundi.

"Ndiyo ubaya wenyewe, mzee wangu. Jana uliinama ukanichungulia mpaka chini ya gari. Sijawahi kuheshimiwa kama vile. Leo unaniletea ufunguo kama hirizi. Msiniamini mimi. Mimi nilifungua ile koki, mlipiga makofi, nikayasikia. Ningeweza kuiacha wazi."

Dada yake aliketi kwenye kiti cha mkuu wa kituo, kikalia. "Kitinda, tuseme kweli. Tukiuacha ufunguo hapa tumeipa serikali. Na serikali ndiyo iliyopanga matofali."

"Wale waliopanga matofali wanatamani sana mseme hivyo. Mkisema kituo ni chao, wanakichukua. Wanamuuza Shangazi, wanaegesha sanduku jekundu, na ninyi mnabaki na ndoo na hekima yenu. Mimi siwaachii." Alikuwa amesahau buti mkononi, akawa anaelekeza nalo. "Gari hili lilinunuliwa kwa ushuru aliokatwa mama yetu pale getini, kwenye kigunia chake cha mkaa, kila siku ya Mungu. Hakuulizwa kama anaamini. Alikatwa. Basi ni lake. Ni lenu. Kaeni humu kama wenyewe, msikae kama wageni wanaosubiri kukaribishwa."

Nje ya mlango, Taratibu alijifanya anafuta dirisha la Shangazi ambalo halikuwa na kioo, kilikwishavunjwa na jiwe siku ya moto.

"Sharti," Mama Magodoro alisema hatimaye.

"Taja."

"Ufunguo utundikwe hapa, kwa yeyote aliye zamu. Lakini kila asubuhi mtu wetu atakuja kutia mkono kwenye tangi, na pampu iwashwe akiwa anaona. Siku atakayozuiwa, mnyororo unarudi."

"Na mkono uwe umenawa," Taratibu alisema.

"Tutawaletea wa muuza samaki," fundi akamjibu.

Wizara ilituma lori la kumvuta Shangazi kwenda mnadani. Lilikuta barabara ya kituo imepangwa magodoro toka ukuta mpaka ukuta, marefu, mapya, ndani ya nailoni, na wanawake wamekaa juu yake wakichambua mboga. Dereva wa lori aliuliza atapita wapi. Aliambiwa avue viatu. Alisubiri kidogo, akanunua mboga, akarudi alikotoka.

Kisha akaletwa kaimu mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye faili jipya na amri ya kutoingiza raia ndani ya eneo la kazi. Asubuhi yake ya kwanza alikuta mwanamke aliyevaa gauni la kawaida na raba amesimama nyuma ya Shangazi, mguu mmoja kwenye ngazi. Alimtambua kutokana na picha za magazetini.

"Afande," alisema kwa aibu, "wewe umesimamishwa. Huruhusiwi kufanya kazi hapa."

"Sijaja kazini," Mama Kituo alimjibu. "Soko limegawana zamu, na ya leo ni yangu."

Kaimu alimtazama Taratibu amsaidie. Taratibu alikuwa amekwishaingia kwenye usukani, anangoja kuambiwa awashe pampu. Ng'ambo ya barabara, kwenye geti kubwa lililo wazi, Mama Magodoro alikuwa amesimama na mnyororo umeviringishwa begani, anatazama.

"Nina amri," alisema kaimu.

"Iweke pale mezani, isilowe," Mama Kituo alisema, akakunja mkono wa gauni na kupanda.